Bipu ya Shangazi

Jumanne, 2 Septemba

Fotokopi asubuhi, fotokopi mchana. Wanafunzi wa chuo wamenimalizia wino. Nimerudi nyumbani Kibeta, hapa Bukoba, nimekula ndizi za jana, nimefungua laptop. Bado haziungani.

Niandike labda nitaelewa. Kuna huduma moja mtandaoni imenipa namba ya kupokea simu. Kuna nyingine inatuma ujumbe kwa watu wengi kwa mpigo. Kila moja inafanya kazi vizuri kwake, ila hazijuani. Nataka Shangazi akibipu ile namba, ujumbe utoke: MVUA INAKUJA, FUNIKENI KAHAWA. Uende nyumba sita za kule mlimani Muleba, ya Mama ikiwemo, na nakala imrudie Shangazi ajue umefika. Ya kuziunganisha ni huduma ya tatu, na hiyo ndiyo inanitoa jasho.

Mwaka jana mvua ilimkuta Mama kanisani, kahawa ya maganda imeanikwa uani. Ikaota ukungu. Mnunuzi akainusa, akaikataa yote. Mama hakulia mbele yangu, lakini nilimjua. Ya mwaka huu anataka kuezekea jiko. Safari hii hainyeshewi.

Utabiri wa kwenye simu nimeujaribu. Unasema mvua kila siku, kwa hiyo hakuna anayeusikiliza. Shangazi anakaa chini, ufukweni. Mvua yetu hutoka ziwani, inapita kwake kwanza, ndipo inapanda.

Alhamisi, 4 Septemba

Zimeungana! Nimebipu, simu yangu ya pili ikalia. Nimebipu tena kwa raha tu. Nimecheka peke yangu dukani, mteja akaniangalia vibaya.

Jumamosi, 6 Septemba

Muleba. Nimeanzia kwa Shangazi. Alikuwa anamenya ndizi. Alisikiliza yote, halafu akauliza kitu kimoja: mama yako yumo? Nikasema yumo. Akamenya nyingine mbili.

Yeye na Mama hawajasemeshana tangu tumzike Baba. Shangazi alitaka kaka yake alazwe kwenye kibanja cha babu, shamba la ukoo, Mama akataka alazwe nyumbani kwake alikopanda migomba kwa mikono yake. Mama alishinda. Tangu hapo wakikutana kanisani kila mmoja anatazama altare.

"Haya waitu," Shangazi akasema mwishowe kwa adabu ya Kihaya. "Nionyeshe pa kubonyeza."

Kwa Mama nimesema mtandao ndio utakaomwambia mvua inakuja. Hakuuliza mtandao unajuaje. Sikusema. Akijua ni wifi yake ataacha kahawa iloe kwa makusudi, namfahamu. Nimerudi Bukoba na mkungu wa ndizi na dhamiri inayowasha kidogo.

Jumanne, 9 Septemba

Aibu. Aibu tupu.

Asubuhi Shangazi alibipu, ujumbe ukatoka, kahawa ikafunikwa nyumba zote sita. Nilitaka kuruka. Kisha wakaanza kushukuru.

Watu wetu na adabu zao! Ukitumiwa habari njema, unabipu kidogo kusema nimepata, asante. Ma Leokadia, jirani wa Mama, akabipu namba iliyomtumia ujumbe, ambayo ndiyo ile ile anayobipu Shangazi. Mashine yangu haijui asante. Ikajua mvua. Ikawatumia wote upya. Wengine nao wakashukuru. Kila shukrani ikazaa jumbe nyingine, na kila ujumbe ukazaa shukrani. Mimi niko dukani nabandika picha za pasipoti, sina habari.

Mama amenipigia: kuna gharika? Ma Leokadia ameingiza mbuzi ndani na ameanza rozari. Nikakimbilia laptop nikazima kila kitu. Ikanyamaza. Mvua yenyewe ilikuwa ya kulowesha vumbi tu.

Jumatano, 10 Septemba

Nimerekebisha. Sasa inasikia namba ya Shangazi peke yake. Wengine washukuru mpaka wachoke. Nimewasha tena. Sijajaribu, naogopa kumrudisha mbuzi wa watu ndani.

Jumapili, 14 Septemba

Jua kali wiki nzima. Mama amepiga baada ya misa. Anaisifia kompyuta yangu kwa kila mtu, anasema ina akili kuliko redio. Nimefurahi nikachukia. Sifa ni za Shangazi na haruhusiwi kuzisikia. Nilikaribia kusema, nikauliza habari za kuku.

Alhamisi, 18 Septemba

Niandike taratibu.

Mvua kubwa imepiga Bukoba mjini mchana. Upepo umeangusha ubao wangu wa matangazo. Nikawa natabasamu, najua Mama ameshafunika. Nikafungua laptop nijisifie. Alama nyekundu tupu. Shangazi amebipu, amebipu, amebipu tena. Hakuna ujumbe uliotoka hata mmoja.

Natumia mpango wa bure wa ile huduma ya kutuma, nao una kikomo cha jumbe kwa mwezi. Shukrani za tarehe tisa zilikimaliza chote. Barua pepe ya onyo ilikuwepo siku zote hizo, imelala chini ya matangazo. Na mimi nilidhani niliizima. Haikuzimwa, iliishiwa. Mjinga mimi.

Nikampigia Mama. Anatumika. Tena. Anatumika. Niliona jiko bila bati, nikaona ule uso wa mwaka jana. Nikampigia Shangazi. Naye anatumika. Nikakaa chini kwenye boksi la karatasi, wateja wakasubiri.

Mama alipopokea alikuwa anahema. Kahawa iko ndani, yote, pamoja na ya jirani. Nikamuuliza nani kamwambia.

"Kumbe mtandao wako ni wifi yangu," akasema.

Shangazi alipoona nakala yake hairudi, alijua haikwenda. Akampigia Mama. Simu ya kweli, ya kuongea, namba ambayo hakuwahi kuifuta. Alisema funika, akakata. Mama akafunika. Kisha Mama ndiye aliyepiga, na hapo ndipo mimi nilipowakuta wote wanatumika. Muda wote ule.

Sikuthubutu kuuliza waliongea nini. Nimelia nyuma ya mashine ya fotokopi. Machozi mazuri.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimehamia mpango wa kulipia. Inafanya kazi. Nimesoma barua pepe zote, hata za matangazo. Shangazi amepiga kuuliza kama aendelee kubipu. Nikamwomba aendelee. Hakumtaja Mama na mimi sikumtaja.

Jumapili, 21 Septemba

Kwa Mama. Kahawa imekauka vizuri, ukiishika inalia kama kokoto. Tumekula ndizi na samaki wa kutoka ufukweni. Sikuuliza nani kawaleta.

Ameniomba nitoe namba yake kwenye ile orodha. Anasema haihitaji. Nimeifuta palepale uani kwa simu, huku anaangalia kidole changu. Zimebaki nyumba tano. Nilidhani itaniuma, maana nilihangaika nayo kweli. Haijauma.

Anga lilikuwa safi kutoka ziwani mpaka kwetu, hakuna hata wingu. Simu ya Mama ikaita. Akaitazama, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kuongelea kule kwenye migomba.