Kichwa cha Prefe kwenye Kitenge

Goma

Mama yangu,

Goti linasemaje huko Butembo? Kama bado linauma, acha kukipanda kile kilima kuwahi misa ya kwanza; Mungu yupo hata kwenye misa ya pili. Mimi mwili ni mzima. Ni roho inayochemka, na nisipokuandikia wewe nitamtukana mtu bure barabarani.

Nilikuambia shule yetu inachapisha kitenge cha sikukuu yake, na wanafunzi wangu wa kuchora ndio waliopewa kazi ya picha. Tulihangaika nayo sana. Nilikuwa nawafundisha jambo moja: acheni nafasi, msijaze kila mahali, jicho nalo linataka kupumua. Neema ndiye aliyenielewa. Alichora chukudu ya baba yake, ile ya mbao ya magurudumu mawili anayosukuma akibebea makala ya kupikia, ikiwa imebeba kitabu kimoja kikubwa, na pembeni hakuna kitu. Prefe, mkuu wetu, akaikubali mbele ya wote. Baba yake alikuwa anataka kumtoa shuleni akauze makala sokoni. Akasema akiiona kazi ya mtoto wake kwenye kitenge, atamwacha aendelee.

Kitenge kimefika, Mama. Chukudu hakuna, kitabu hakuna. Ni kichwa cha prefe na tai yake, kimejipanga nguo nzima kama viazi kwenye gunia. Nilipomwuliza hakuona hata haya.

"Madame, mulikuwa mumeacha fasi ya bure," akaniambia. "Kitenge ni bei. Fasi ya bure, mutu anawekamo kitu."

Kitu chenyewe ni yeye! Mtu mzima, amesoma, akiona nafasi tupu anaingiza kichwa. Neema hakulia. Alikikunja kitambaa, akasema kesho hatakuja, na kweli hakuja. Hasira niliyoipata siku ile haijanitoka mpaka sasa.

Nikaichukua karatasi ya mchoro wake, nikamfuata baba yake pale anapopakia makala. Nilimweleza yote. Aliikunjua juu ya gunia, akaweka kidole kwenye ile kandambili nyekundu aliyoipigilia kwenye chukudu, pale anapopumzishia goti. Mtoto alikuwa ameichora mpaka misumari.

"Hii ni yangu kabisa," akasema. "Neema atarudia ku masomo. Lakini karatasi inabakia kwangu. Mukubwa wenu akiiona, atawekamo kichwa."

Neema amerudi. Jana alikuwa ameketi mbele, penseli mkononi.

Sikukuu ni Jumapili na walimu wote lazima tukivae hicho kitenge. Unajua desturi: picha ya mkubwa, fundi huiweka kifuani au mgongoni. Nilimwambia fundi wangu akate vingine, kichwa kizima, macho na yote, kije pale ninapokalia. Akacheka, akasema walimu wenzangu wa kike wamekwisha kumwagiza hivyo hivyo.

Nisalimie mama mdogo muuza maharage, mjomba katekista, na mdogo wangu wa mwisho, umwambie aache uvivu. Mkisali Jumapili, niombeeni hotuba ya prefe iwe ndefu. Miaka yote huwa nasinzia. Safari hii nitakaa vizuri mpaka mwisho.

Binti yako mwenye hasira,
Kavira