Bega Nililolitoa Chini ya Jeneza

Jumatano, Mfungo Saba, baada ya alasiri.

Joto tangu asubuhi, upepo hakuna hata wa kutikisa pazia. Shule imefungwa, kwa hiyo sina hata pa kujificha. Nimelitoa daftari hili sandukuni. Sikuligusa tangu Ramadhani.

Nina haya. Naliandika neno hilo kwanza, nisije nikalizunguka.

Jana tulimzika Mzee Athumani, jirani yangu wa hapa Mitwero. Nasema tulimzika, lakini mimi sikumzika. Mimi nililiacha jeneza lake njiani.

Jambo lenyewe halikuanzia jana. Huu ni mwaka wa pili tangu nirudi kutoka Uingereza. Kila mtu hapa anajua kuwa nilikwenda kusomea ualimu, na ni kweli. Wasichojua ni kwamba miezi minne ya masomo hayo niliimalizia hospitali. Nilianguka kwenye ngazi za bweni. Daktari akanisikiliza kifua mpaka nikachoka kukaa, kisha akaniambia kuwa homa ya viungo niliyougua utotoni ilikuwa imebana mlango mmoja wa moyo. Wakanipasua ubavuni, chini ya titi la kushoto. Daktari akaingiza kidole chake ndani ya moyo wangu, nao unapiga, akaupanua ule mlango. Hata mimi mwenyewe nikiandika hivi naona kama naandika uongo.

Nilipopata nafuu alinipa sharti moja: nitembee. Kila siku, leo kidogo, kesho zaidi. Alisema nikijitahidi moyo utakwenda mbio, tena mbio za kutisha, lakini nisiogope. Nisimame, nishike shingo, nihesabu mapigo kwa saa, utatulia wenyewe. Moyo nitakaoukalisha bure ndio utakaonisumbua. Muuguzi akanifundisha kuhesabu mpaka nikaweza bila kutikisa midomo.

Jambo jepesi, mtu atembee tu.

Lakini kule mtu hutembea bila kwenda popote na hakuna anayemuuliza. Hapa kwetu, thubutu. Siku ya kwanza niliulizwa "Mwalimu, wapi?" mara saba kabla sijaifikia barabara. Kujibu kuwa natembea tu si jibu. Mtu mzima anayetembea tu ana lake jambo: amegombana na mkewe, au ana mwanamke upande wa pili, au kichwa kimemruka huko Ulaya. Na ukweli sikutaka kuusema. Kabla ya kuondoka mimi ndiye niliyekuwa nakimbia pembeni mwa uwanja na mpira, wenzangu wananikosa. Nilikataa kuonwa kama chungu kilichozibwa ufa. Kwa hiyo alijua mke wangu Zuhura peke yake, ambaye kovu analiona, naye nilimwapisha.

Mzee Athumani alinikuta mikoroshoni, nyuma ya shamba lake, nimekaa kwenye kisiki, vidole shingoni, macho kwenye saa. Nilimwamkia shikamoo bila kuinuka. Akaitika marahaba, akachutama mbele yangu, akangoja. Nilipomaliza akauliza, "Ngapi?" Hakuuliza nahesabu nini. Nikamwambia idadi, kisha nikajikuta nimemwambia na yote mengine, mpaka habari ya kidole.

Akafikiri. Akasema, "Basi ukiulizwa waenda wapi, sema waenda kwangu."

Ikawa hivyo. Kila siku baada ya alasiri nilipanda kilima kwa njia ya mikoroshoni kwenda kwa Mzee Athumani. Kijana anayekwenda kumjulia hali mzee hana cha kuulizwa zaidi. Nikimkuta barazani anashona mkeka wake, hunisogezea kata ya maji, hunyamaza nihesabu, kisha huuliza kwa sauti kavu kama karani wa boma, "Leo ngapi?" Idadi ikawa inashuka mwezi hadi mwezi. Ikafika wakati nafika kwake bila kupumzika njiani, naye akanitania kuwa sasa namnyima kazi.

Ramadhani iliyopita akaniambia niwaambie watu. Alisema wenzangu wakijua, siku nitakayoelemewa watajua kunipokea. Nikakasirika. Nikamjibu mzee wa watu kwamba ananiingilia, nikaaga, sikurudi tena.

Alituma salamu mara mbili. "Mwambieni Mwalimu njia imeota majani." Nilicheka, nikasema nitakwenda. Sikwenda. Na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, sikutembea. Miezi saba sasa natoka nyumbani kwenda shule, na shule yenyewe unaweza kuitupia jiwe kutoka uani kwangu.

Watu waliona. Wakasema Mwalimu na Mzee Athumani wamekosana. Nilisikia, nikanyamaza, maana maneno hayo hayakunidhuru kitu.

Sasa nirudi jana.

Mazikoni nina ujanja wangu. Nawahi mapema, nachukua mkeka au chetezo, natangulia makaburini nikisema nakwenda kuangalia kama kaburi liko tayari. Jana sikufaulu. Tulipomaliza kumsalia na jeneza likainuliwa, watu walinitazama, na mmoja akasema kwa upole, "Mwalimu, shika mbele," kama mtu anayenipa nafasi ya kuumaliza ugomvi. Saidi, mtoto wa marehemu, alininyooshea mkono kama anayetaka kunizuia, kisha akaurudisha. Saidi hununua korosho Mtama na alifika juzi tu kumuuguza baba yake. Sikuelewa anataka nini. Nikaingiza bega.

Jeneza kwetu halitembezwi taratibu, linakimbizwa. Ukishabeba hatua kadhaa, mtu wa nyuma anakugusa, unampisha naye apate thawabu yake, unarudi nyuma kupumua. Jana hakuna aliyenigusa. Nadhani waliniachia nimbebe mpaka niridhike. Tulipoanza kupanda kilima cha makaburini moyo ukaanza, kwanza kifuani, halafu kooni, halafu masikioni, hata ile kalima inayosomwa sikuisikia tena.

Niseme kweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Miguu ilikuwa na nguvu. Bega halikuwa limechoka. Kilichonishika ni hofu. Niliona mlango ule unajifunga na mimi nakufa chini ya maiti ya mtu mwingine.

Neno lilikuwa moja tu: nipokeeni. Watu huchoka, hulisema kila siku na hakuna anayewageukia. Sikulisema.

Nilitoa bega.

Jeneza likainama kwa mbele. Kitambaa cha juu kikateleza. Fundi cherehani aliyekuwa nyuma yangu alilidaka kwa mikono miwili, nikamsikia akiguna kwa uzito. Halikuanguka, namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi nikaenda pembeni, nikakaa vumbini na kanzu yangu nyeupe, nikashika shingo, watu wanapita mbele yangu wanatazama upande mwingine. Mia moja na sitini na kitu. Nikahesabu tena: mia na arobaini. Nikahesabu tena. Ulishuka kama daktari alivyosema, wenyewe, bila dawa wala dua. Walipokuwa wanafukia kaburi nilikuwa mzima kabisa, ningeweza kupanda na kutia mchanga wangu. Nikarudi nyumbani.

Moyo haukunifanya kitu. Ulikwenda mbio kwa sababu niliuweka bure miezi saba, basi. Mengine yote nilifanya mimi.

Zuhura alirudi matangani amekaza midomo. Wanawake kule wanasema Mwalimu amemsusia maiti. Hata kaburi halikumtosha.

Hilo ningelivumilia. Leo asubuhi limekuja kubwa zaidi.

Saidi alipiga hodi kabla sijamaliza chai. Nilimpa kiti, akakikataa, akakaa mkekani chini yangu, na sisi ni watu wa rika moja. Akasema, "Mwalimu, kuna neno nililificha. Baba, kabla hajakata kauli, aliniambia: Mwalimu asilibebe jeneza langu. Nilidhani ni homa. Jana nikaona haya kukuzuia mbele za watu. Baba alikukosea nini, ndugu yangu? Nakuomba radhi kwa niaba yake, asilale na kinyongo cha mtu."

Nilifahamu pale pale. Mzee Athumani yuko kwenye kitanda cha mauti, pumzi zimebaki za kuhesabika, na anafikiri habari za kile kilima na moyo wangu. Sikumwona miezi saba, nilimtolea maneno, na bado akanilinda. Tena siri yangu aliitunza hata kwa mwanawe wa kumzaa. Alitoa amri, sababu akaenda nayo.

Saidi ananitazama. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua vifungo vya shati, nimwoneshe.

Nikasema, "Nimemsamehe."

Nililisema kwa sauti yangu ya darasani, sauti ya kumwachia mwanafunzi aliyechelewa. Saidi akalia. Akaushika mkono wangu akaubusu, mkono huu ninaoandikia. Akasema kesho kwenye hitma atasimama awaambie watu kwamba Mwalimu amemsamehe marehemu kwa moyo mweupe, wasiseme tena. Akaondoka mwepesi kuliko alivyokuja.

Zuhura alikuwa nyuma ya pazia. Alitoka na unga mikononi akauliza, "Baba Amina, umemsamehe nini?"

Nikamwambia asiniingilie. Neno lile lile nililomwambia Mzee Athumani. Alirudi jikoni, na chakula cha mchana amekifunika hapa mezani, mpaka sasa sijakigusa.

Tangu asubuhi natafuta njia za mkato. Nimefikiri kumwandikia Saidi barua. Nimefikiri kungoja hitma ipite, halafu watu wasahau. Lakini Saidi Ijumaa anarudi Mtama. Atapanda lori na baba mwenye kosa asilolijua. Atalitafuta. Atakuwa amekaa dukani, watu wanapima korosho, yeye anajiuliza mzee alimfanya nini yule mwalimu. Hatalipata, kwa sababu halipo, na mwisho atabuni moja alimalize. Mtu mwema niliyepata kumjua nimemtia doa akiwa hana siku mbili kaburini, ili nisiitwe mgonjwa.

Nimejiuliza nilikuwa naogopa nini hasa. Watu waseme Mwalimu moyo wake ulitengenezwa, tumpokee mapema. Basi, hayo tu. Badala yake nimekubali waniite mtu anayegombana na maiti, na hilo likanikaa vizuri zaidi. Sijui mtu anafikaje huko. Mimi nimefika.

Zuhura amepita sasa hivi, amekwisha jitanda kanga, amesimama mlangoni. Anangoja. Huyu mwanamke ananijua kuliko ninavyopenda.

Nakwenda leo, kabla ya magharibi. Njia ya mikoroshoni kweli imeota majani, nilichungulia mchana, lakini hata kama ingekuwa imefyekwa nisingepita huko. Nitapita barabarani, penye watu. Nikielemewa nitakaa chini, nitashika shingo, na atakayeuliza nitamjibu. Nikiulizwa nakwenda wapi nitasema nakwenda kwa Mzee Athumani. Kwa mara ya mwisho litakuwa jibu la kweli.

Neno la kwanza la kumwambia Saidi ninalo: baba yako hakunikosea kitu, mimi ndiye niliyemkosea. Nikishalisema hilo nitafungua vifungo. Na kesho kwenye hitma, kama bado ataniruhusu kuingia, nitasimama mimi, si yeye.

Saa iko mezani. Nimeshika shingo. Mia moja na ishirini, nami bado sijainuka kitini.

Naenda hivyo hivyo.