Msimamizi wa Kuhe

Kitongoni, Ujiji,
S.L.P. 418,
Kigoma.
14 Januari, 2025.

Mpendwa Mjomba Dunia,

Shikamoo. Ipokee barua hii kwa mikono miwili, maana kutoka Ujiji hadi Masasi ni mbali na sijui imelala wapi njiani. Hamjambo wote? Mkaza mjomba Mwavita kiuno kimepoa? Na Sikujua ameshaanza darasa la kwanza, au bado anawagomea? Sisi huku wazima. Presha ya Mama imetulia tangu alipoachishwa chumvi, ingawa samaki wa mgebuka asiye na chumvi anamla huku amefumba macho. Mvua zinanyesha vizuri na mawese yameshuka bei, kwa hiyo hatuna la kulalamikia upande wa jikoni.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu kila nikiitaja klabu yetu ya Kuhe kwenye simu unasema mtandao unasumbua. Nimechunguza, Mjomba. Tukiongea habari za korosho mtandao wa Masasi hausumbui hata kidogo. Basi soma hadi mwisho, na hiyo fomu iliyo ndani ya bahasha usiitupe kabla hujamaliza.

Klabu ina hali mbaya. Tumefika katikati ya ligi, tuko nafasi ya tano, wala uwanjani hatuchezi vibaya. Lakini wachezaji hawajalipwa tangu Oktoba, na wanaoidai klabu wamechoka wakaenda mahakamani. Mahakama imeweka msimamizi. Maana yake, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, viongozi wanakaa pembeni, mtu aliyeteuliwa anaishika klabu, anawaita wote wanaoidai, kisha anaieleza mahakama kama inaweza kuokolewa au ifungwe. Nasema baadaye kwa sababu siku ile sikuelewa, na kutoelewa kwangu ndiko kulikoleta haya yote.

Katibu alikuja kwangu steshenari Jumatano na hati ya mahakama, kurasa nne za maneno magumu. Akaniambia nizifupishe ziwe tangazo la ukurasa mmoja, nitoe nakala hamsini, zibandikwe kuanzia sokoni mpaka Bangwe na Kibirizi. Unajua navyopenda kuaminiwa. Nikafungua kwenye kompyuta tangazo nililokuwa nimechapa siku iliyotangulia, nikafuta yaliyokuwemo, nikaandika kwamba Klabu ya Kuhe imewekewa msimamizi, na kila anayeidai na kila anayedaiwa nayo afike Jumamosi saa nne asubuhi ofisini kwa klabu. Hamna kosa hata moja la herufi. Ila lile tangazo nililolifuta lilikuwa la msiba, na mimi nilifuta maneno nikauacha mpaka mweusi unaozunguka karatasi.

Sasa nikuulize wewe. Ukiona karatasi yenye mpaka mweusi, imeandikwa msimamizi, imeandikwa wanaodai na wanaodaiwa, utaelewa nini? Ujiji nzima ilielewa hivyohivyo. Kuhe imekufa, na huyo anayekuja ni msimamizi wa mirathi. Aliyeelewa tofauti ni Recho wa Bangwe peke yake, yule wa kwaya, ambaye kwake msimamizi ni mtu anayesimama na bwana harusi kanisani. Alifika na seti ya vikombe iliyofungwa karatasi ya maua, akauliza bibi harusi ameketi wapi.

Mimi nilichelewa kufika. Nikakuta mikeka imetandikwa, kinamama wamejitanda kanga, masufuria yako motoni na dagaa wameletwa kutoka Kagunga. Wakati huohuo gari linasimama, anashuka wakili Happiness, huyo msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, binti mdogo kuliko nilivyotegemea, lafudhi yake ya Kilimanjaro. Wazee wakampa mkono mmoja mmoja: pole sana, pole mama, pole. Naye anajibu, "Asante, nimeshapoa, ni vumbi tu la njiani." Watu wakatazamana. Mzee mmoja nyuma yangu akasema huyu amepoa upesi, bila shaka si ndugu wa karibu.

Ungekuwa wewe ungewaambia ukweli pale pale. Mimi nilikwishaelewa nilichofanya, lakini nilitaka kuona kitakachotokea. Nakiri kosa. Udadisi ndio ugonjwa wangu na Mama anasema nimeurithi kwako.

Wakili akafungua kompyuta yake, akauliza nani anaidai klabu. Akasimama Verediana, yule mama ntilie aliyekuwa akiwapikia wachezaji. Akasema, "Mie namdai marehemu wali na maharage ya miezi mitatu. Nimemsamehe. Mungu amlaze pema." Akaketi. Wakili akachapa, uso umemkunjika kidogo. Nadhani alidhani ndivyo tunavyoongea huku. Akasimama Kalisti wa Kidahwe, mwenye Kosta iliyokuwa ikiwapeleka mechi za ugenini, naye akasamehe mafuta na matairi mawili. Akafuata fundi wa jezi, mwenye duka la dawa, na wengine, mpaka wakatimia kumi na mmoja. Wenye vitu vya klabu nao wakavirudisha. Mtu alileta nyavu za goli alizokuwa anafugia kuku. Wewe unajua tulivyo: ukifika msibani mwenye deni anatajwa, mwenye kudai anasamehe, ili marehemu aende mwepesi. Kwa kuwa kila mmoja alimsikia mwenzake akisamehe, hakuna aliyetaka kuonekana amemng'ang'ania maiti.

Kisha akasimama Mzee Elikana, mwenyekiti. Mjomba, hapa naomba ukae kama umesimama.

Alivua kofia. Akasema hawezi kuiacha Kuhe izikwe na uongo wake. Akasema boti ya Dunia haikuuzwa na Dunia. Ni yeye aliyechukua kadi ya boti, uliyokuwa umeiacha kabatini ofisini, akaiweka rehani kwa mkopeshaji ili alipie usajili wa wachezaji, na mkopeshaji alipokuja kuikamata timu ilikuwa gatini imebeba mabegi inangoja boti hiyohiyo iipeleke kucheza Kagunga. Akasema ulipojua alikuja kwako akakuomba unyamaze mpaka ligi iishe, kwa sababu habari ikitoka klabu ingefungiwa. Ukakubali. Ligi ikaisha, na yeye ndiye aliyenyamaza. Akawaacha watu waseme Dunia aliuza boti akaikimbia timu. Kisha akasema, "Nimelibeba miaka minne. Kabla hamjamfukia, nimelitua."

Wakili akaacha kuchapa. Akauliza, kwa upole kabisa, nani anafukiwa.

Ndipo mambo yalipofunuka. Alishika lile tangazo langu, akauangalia ule mpaka mweusi, akaniangalia mimi, kisha akawaeleza kwamba Kuhe haijafa, inaumwa tu, na yeye ni kama muuguzi. Akasema hawezi kuuandika msamaha uliotolewa kwa kudhani, kwa hiyo atauliza upya mmoja mmoja, na atakayebadili mawazo hana kosa. Nilimpenda kwa hilo. Angeweza kufunga kompyuta akaondoka na misamaha kumi na moja.

Verediana hakutikisika. Alisema neno alilolitoa mbele ya sufuria za matanga halimezi tena. Kalisti akasema, "Mie nilisamehe maiti. Kama anapumua, alipe mafuta. Matairi nimeacha." Watu wakacheka, naye akacheka. Mwishowe saba wakabaki na msamaha wao na wanne wakasema watasubiri. Recho akaviacha vikombe vyake vitumike kwa chai ya wachezaji.

Limebaki deni moja kubwa kuliko yote hayo yakijumlishwa, na ndilo lako. Mama alisimama, na kila mtu alidhani atamporomoshea Mzee Elikana matusi ya Kimanyema. Akasema tu kwamba boti ni ya mdogo wake, na yeye hawezi kuidai wala kuisamehe kwa niaba yako. Wakili akasema ni kweli, mwenye mali ndiye anayesema. Kwa hiyo fomu hiyo ina vyumba vitatu: nadai sasa, nitasubiri, nimesamehe. Ukidai sasa ni haki yako na utalipwa kwa kuuzwa ofisi ya klabu na kiwanja chake, na Kuhe itaondolewa kwenye ligi kabla ya mzunguko wa pili. Taarifa inapelekwa mahakamani tarehe 31, na mechi ya kwanza ni kesho yake. Wachezaji bado wanafanya mazoezi Katubuka kila asubuhi, bila kujua kama kuna mechi.

Mama amenikataza kukuomba chochote. Jumapili Mzee Elikana alikuja nyumbani kuomba anwani yako, na anataka Mama amsemee. Mama akamjibu kwamba maiti huombewa, lakini aliye hai anaomba mwenyewe. Akampa kiti, karatasi na kalamu, akamwacha pale barazani mpaka adhuhuri. Alichoandika kimo ndani ya bahasha, nimekibana kwa pini. Sijakisoma. Najua huamini, ila sijakisoma.

Ninachokitafuta mimi ni kingine. Nataka kujua ulinyamaza vipi. Ulikuwa ukipita sokoni vijana wanapiga honi ya boti kwa midomo yao, nawe unawasalimia. Ulihama na watoto wadogo. Sasa hivi mji mzima ungekusikiliza, lakini wakati ule kwa nini hata kwa dada yako hukusema? Je, uliipenda klabu kiasi hicho, au ulimhurumia yule mzee, au ulichoka tu? Nimejaribu kulala nalo na nimeshindwa. Nijibu hata kwa mistari miwili.

Mama anakusalimu, na amemfungia Mwavita kopo la mawese, yafungueni kwa uangalifu. Verediana anakusalimu, anasema sahani yako ipo. Msalimie Sikujua, mwambie binamu yake wa Ujiji anamnunulia madaftari yenye picha akienda shule bila kulia. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape mvua ya kiasi na usingizi wa amani.

Nilitaka kumaliza hapo, lakini kuna jambo ambalo fomu haina chumba chake. Jumamosi, Mzee Elikana alipolitaja jina lako, nilitazama nyuso za watu ili nione nani aliyekuwa ameamini ule uongo. Nikaona kila uso umeinama, na wangu pia. Mjomba, nami niliamini. Miaka minne nimekupigia simu kila Idi, nimekuita mjomba wangu, nimepokea nguo ulizonitumia, na moyoni nilikuwa nikisema huyu ndiye aliyeuza boti. Sikuwahi kukuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Klabu imeomba kwa karatasi yake. Hili ni langu, na naomba radhi nikiwa hai.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda,

Shadia.