Mfumo Haujui Mgongo Wazi

Jumanne, baada ya chakula cha usiku

Eti taka.

Mfumo mpya umeanza leo kiwandani. Manunuzi, stoo, mauzo, mishahara, zote sasa ziko ndani ya kompyuta moja na zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Samaki akipimwa, stoo inajua. Minofu ikitoka, mauzo yanajua. Na hakuna kitu kinapita getini bila karatasi ya mfumo.

Asubuhi akina mama wa mtaa wa Obunga walikuja na beseni zao kununua mgongo wazi, ile mifupa inayobaki tukishatoa minofu. Nikaitafuta kwenye mauzo ya mfumo, haiko. Iko stoo, imeandikwa taka, na taka haiuziki.

Nikampigia fundi wa mfumo, yuko Nairobi. "Kwani watu hununua mifupa?" akauliza. Nikamwambia wanakaanga, wanauza, wanasomesha watoto. Akasema ataangalia wiki ijayo.

Askari wa getini akawaambia leo hakuna. Hawakubishana, waliondoka tu. Mchana lori la taka likaja. Nikabonyeza kukubali mifupa itoke, kisha nikasaidia kupakia kwa sababu watu walikuwa wachache.

Sikuhisi chochote moyoni, hata hasira. Hilo ndilo linanitia wasiwasi.

Jioni nikampata jirani yangu, Mama Atieno, amekaa kando ya jiko ambalo hakuliwasha. Asubuhi alikuwa wa kwanza pale getini.

"Baba Akinyi, kwani leo hamkukata samaki?"

Nikamwambia hatukukata. Nilikuwa nimeweka mikono mfukoni, lakini nadhani harufu ya samaki aliisikia.