Samaki za Mawe Zilizokaa mu Kikapu

Hii iko mu kaye yangu, daftari ya wakati wa vita. Naikopi hapa vile iko.

Alhamisi. Asubuhi mvua kidogo, kisha jua. Ziwa imetulia kama chai mu kikombe. Huko milimani hatujasikia mulio wa bunduki tangu juzi.

Moyo wangu ndio haujatulia.

Madamu Espe, yule wa Bujumbura mwenye kuchunguza samaki, anarudi kwao kesho na magari zinazosindikizwa na waaskari. Anaenda na mitungi yake ya kioo. Ndani iko vipande vya mapezi mu alkoli, na ku kila mutungi iko etiketi, kikaratasi cha jina, niliyoandika mimi. Nilisoma miaka ine tu. Kabla yake hakuna mutu aliwahi kunipa kazi ya kuandika.

Kazi iko hivi. Samaki ya aina moja: kumi tunatoa mu mawe ya kusini, mahali watu hawafiki, kumi tunatoa hapa ku pwani, kwenye mitumbwi na sabuni na kelele. Anataka kujua maisha gani inachakaza samaki mbio, izeeke kabla ya wakati. Alinifasiria na kamba ya nailoni. Sisi wavuvi tunachoma ncha yake na moto, isifumuke. Akasema ndani ya mwili iko nyuzi ndogo sana, nazo ziko na ncha vile. Maisha inakula hizo ncha. Njaa, woga, kukua haraka, kuzaa sana. Pengine hata ile samaki mama inayobeba watoto mu kinywa bila kula. Ila samaki zingine zinajua kurudisha ncha kidogo.

Mimi nilielewa kamba tu.

Kisha waaskari wakafunga ziwa wiki tatu. Zile kumi za mawe nilikuwa nimeshazitoa. Nikaziweka mu kikapu ndani ya maji, hapa ku pwani, nikizilisha makombo ya bugali. Ine zikakufa. Zilizobaki zikakonda, zinaumana. Ziwa ilipofunguliwa, Madamu akakuja, nikamuletea sita mu ndoo. Akakata mapezi. Nikaandika "mawe".

Sikutaka kudanganya. Kwetu ni vile. Ndagala, ile samaki ndogo, ikitoka Gitaza, hata ikianikwa hapa Rumonge juma nzima, muchuuzi anaiita ya Gitaza. Hata mimi nilivuka kutoka Baraka, ngambo ya ziwa, mugongoni mwa dada yangu, yaya Neema, na Saidi wa mutumbwi wetu ananiita Mukongo mupaka leo.

Lakini jana, akifunga mitungi, Madamu alisema: "Hizi sita hazijaona taabu bado." Mimi nilizitazama wiki tatu.

Leo nikamuuliza Saidi.

"We Mukongo, nyamaza," akasema. "Samaki ndiyo itakuchongea? Ukisema, kesho atatafuta mwandishi mwingine."

Ningenyamaza. Mimi kunyamaza najua. Ila mchana nilimuona yaya Neema akianika ndagala, mugongo umepinda. Ananipita miaka saba, na ku soko wanamuuliza kama iko mama yangu. Wakati tulilala mu michikichi tukikimbia risasi, sehemu yake ya chakula alinipa mimi. Mutu akimuandikia etiketi "Baraka" tu, atakuwa hajasema kitu ya ile alipitia.

Nikaenda. Nikamuambia Madamu yote, nikitazama miguu yangu.

Nilidhani atanipokonya biki ya kuandikia. Kisha akauliza: zilikaa siku ngapi, zilikula nini, ine zilikufa lini? Nilikuwa najua yote.

"Kwa nilichotaka, hazifai tena," akasema. "Na ku mawe sijui nitarudi lini."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike.

Akanipa etiketi sita mupya. Nikaandika pole pole: *Mawe, kisha kikapu, wiki tatu.* Akasoma moja moja, akazibandika.

"Na watu, Madamu," nikauliza, "ncha yao inarudi?"

"Sijui, ndugu yangu. Hata za samaki bado natafuta."

Hakuniambia kama kazi yangu imeisha. Biki aliniachia.

Magaribi nilisonga bugali mimi, kazi ambayo ni ya yaya kila siku. Yaya Neema alisimama ku mulango, akauliza nani iko mugonjwa. Kisha akakaa, akanyoosha miguu, akakula wa kwanza, mimi nikingoja.

Kesho nitasonga tena.