Jalada la Telesphori

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kaka Teles kapiga simu kutoka hospitali ya Kolandoto. Sauti imebaki kidogo mno. Anasema maneno mawili, anapumzika. Vumbi la karasha – miaka yote ile ya kusaga mawe ya watu – limemkaa mapafuni, sasa anapumulia oksijeni. Lakini hakupiga kuongelea ugonjwa. Kapiga kuhusu riwaya yake! Mchapaji wa Mwanza yuko tayari, kinachongojwa ni jalada. Nilitengeneze mimi. Anataka mtu akipita mezani kwa muuza vitabu asimame. Nimesema sawa, kaka. Nimekata simu nikalia hapo hapo dukani, mteja wa lamination ananitazama.

Riwaya naijua. Alinisomea mwenyewe, sura kwa sura, pumzi ikiwepo. Chini ya maduara, yale mashimo ya dhahabu, kuna mji. Wachimbaji waliofukiwa wanaishi huko, na binti mmoja, Holo, anawapandisha juu akiwa amepanda fisi mwenye pembe za dhahabu. Nilikuwa nasahau kula.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemaliza jalada, nikajisifu. Ovyo! Mwita wa bodaboda kaingia kutoa kopi ya leseni, kaona kompyuta, kavua helmeti. Pole sana dada Mela, msiba wa nani?

Nikaangalia tena. Kweli! Picha ya Teles katikati, maua pembeni, mawingu nyuma, jina lake chini kwa herufi kubwa. Mkono umezoea ratiba za mazishi. Hapa mtaani Kalangalala akifa mtu wanasema nenda kwa Mela. Nimemtengenezea kaka yangu tanzia, naye yuko hai. Mungu nisamehe. Nimefunga duka mapema.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, watu wako kwenye maonesho. Nimefuta kila kilichonukia msiba. Picha yake, maua, mawingu, maandishi yote. Nimeanza na fisi. Nimemchora kwanza kwa penseli, rangi nikaweka kwenye kompyuta. Macho yake yanakufuata. Holo yuko mgongoni, taa kichwani inawaka.

Mama kapiga, ndiye anayemuuguza Teles. Nikamwambia ninachochora. Wee! Mwanangu kalala hoi, wewe unamchorea fisi? Hujui fisi ni wa kina nani? Kasema niweke njiwa, au Bikira Maria. Nikamjibu kitabu ni cha Teles. Kakata simu. Imeniuma, maana kwetu Ushirombo nimekulia maneno hayo hayo, kwamba fisi hupandwa na wachawi. Na mimi naogopa.

Jumapili, 10 Agosti

Misa nimehudhuria, mahubiri sikuyasikia. Nikampigia Teles, nimtoe fisi? Kakohoa mpaka nikasikia nesi anakuja. Halafu akasema, sasa ukimtoa, Holo atapandaje juu?

Basi. Fisi anabaki.

Jumanne, 12 Agosti

Nimebandika kopi ya rangi kwenye kioo cha duka. Watu wanapita. Wanapita tu! Nimekasirika. Nikaitoa, nikaweka nyuma weusi mtupu, pembe njano ya kuumiza macho, nikabandika upya.

Mama Blessing muuza vitumbua kapita, kisha karudi kinyumenyume na ndoo kichwani. Hee! Mnyama gani huyu? Na huyo mtoto anampeleka wapi? Nikasema wanawafuata waliofukiwa, wawarudishe kwa mama zao. Kasimama pale mpaka wateja wake wakamwita. Kasimama, Teles! Nimecheka peke yangu kama chizi.

Jioni Mama kapiga. Hakutaja fisi. Kasema njoo, usingoje wikiendi.

Alhamisi, 14 Agosti – Kolandoto

Amekuwa mdogo. Kaka yangu aliyekuwa anabeba kiroba cha mawe bega moja! Nikasema shikamoo kaka, akaitikia kwa macho.

Nikamfungulia jalada. Mama kageukia dirishani asimwone fisi, baadaye akachungulia. Teles katazama, katazama. Kasogeza barakoa ya oksijeni. Kasema anatisha vizuri. Nilifurahi jamani! Halafu akauliza, jina langu je?

Nikaangalia. Halipo! Jina la kitabu nililirudisha, la kwake halipo. Siku ile nafuta msiba nilimfuta na yeye. Siku mbili nzima kwenye kioo, mtu hakuona, wala mimi! Nimelia mbele yake, na njiani niliapa sitalia. Yeye anacheka, mabega tu ndiyo yanacheka.

Kasema ataliandika mwenyewe, kazi yangu kuliskani hivyo hivyo. Chini ni peusi, kalamu ya kawaida haionekani. Nesi katuletea ile kalamu nyeupe ya kufutia makosa. Mama kashika karatasi – Mama yule yule – mimi nimemshika kaka kiwiko. Kaandika makubwa, herufi moja, anapumzika:

Telesp

Kasema apumzike kwanza, atamalizia. Kafumba macho. Kalamu iko vidoleni mwake, kifuniko wazi. Mama bado kashikilia karatasi, nimemwambia aishushe, hataki. Ananiuliza kwa Kisumbwa, lugha ya nyumbani, tumwamshe, au nimalizie mimi mama yake? Nimesema tungoje. Naandika hapa huku namtazama kifua, kinapanda, kinashuka, kinapanda