Prosesa Uliyotutumia

Mdogo wangu mpendwa Chiriku,

Natumai barua hii itakukuta mzima, unakula kwa wakati, na shingo imerudi kuijaza kola, maana ile picha ya mwezi uliopita ilinitia wasiwasi. Huku sisi hatujambo. Mimi na meza yangu ya uchapaji hapa sebuleni tunasukuma maisha; watu wanaleta barua zao za kuomba kazi, nami nawasahihishia bila kuombwa. Baba anakula vizuri na anakusalimu. Hapo kwenye salamu za baba nimeshaanza kukudanganya, lakini nitafika huko.

Utashangaa kuona mwandiko wangu badala ya sura yangu. Nikikupigia, baba hukaa ubavuni pangu, na haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema mbele yake.

Kwanza, mzigo wako ulifika salama. Prosesa yenyewe ndogo kuliko biskuti, nikajiuliza kama kweli ndiyo itakayoifufua kompyuta kuukuu uliyotuachia. Jumamosi asubuhi nilifunga mlango wa wateja, nikachomoa waya wa umeme, nikatandaza mezani karatasi yako ya maelekezo. Vumbi lililotoka humo ndani lingetosha kuotesha maua. Nikaitoa feni, nikakizungusha taratibu kile chuma chenye mbavu mpaka kikaachia, nikapangusa ule ute wa kijivu wa kupitishia joto uliokwisha kukauka, nikainua kijiti cha pembeni, na prosesa ya zamani ikatoka bila ubishi. Mpaka hapo nilijiona injinia.

Uliandika kwa herufi kubwa nisilazimishe. Nilinganishe ile pembetatu ya dhahabu ya kwenye kona, halafu itazama yenyewe. Mimi na kutolazimisha wapi na wapi? Unanijua. Niliiweka upande usio wake, na ilipogoma nikaikandamiza kwa kidole gumba. Kuigeuza, katika ile miguu yake myembamba mamia kwa mamia, miwili imelala. Chiriku, nililia. Nilifikiria ulivyojinyima kwa ajili yetu, nami nimeiharibu kwa dakika moja. Haraka haraka haina baraka, marehemu mama aliniimbia hivyo utoto wangu wote, na bado sikusikia.

Baba alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Akainuka, akaja kutazama, akaniambia nimpishe. Nilitaka kumkatalia, kwa sababu siku hizi mikono ile haiwezi hata vifungo vya shati, mimi ndiye ninayemfungia. Lakini alikwenda kwenye droo ambayo hajaigusa tangu alipofunga kibanda chake cha kutengeneza saa, akatoa kibano na lenzi yake, akaibana jichoni. Mkono uliomwaga uji asubuhi ileile ukatulia tuli. Akanyoosha mguu wa kwanza, akavuta pumzi, akanyoosha wa pili. Kisha akanikaripia kwa ukali wake wa zamani, kwamba chombo hakipigwi vita, hubembelezwa. Nilifurahi kukaripiwa, sikufichi.

Aliidondosha mahali pake ikakaa. Nikatia ute mpya, tone la kiasi cha punje ya mchele, nikafunga feni, nikawasha. Zamani ningeweza kwenda kuoga na kurudi kabla haijawaka. Safari hii sikuwa hata nimekaa vizuri kitini. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Sasa mashine ni nzima, na mimi sina tena cha kusingizia picha ikikatika tukiwa tunaongea. Kompyuta ilikuwa nzito kweli, mdogo wangu, lakini haikuwahi kukata picha hata siku moja. Aliyekuwa akiuvuta waya wa intaneti ni mimi, kwa mguu, chini ya meza. Mara ya kwanza ulikuwa katikati ya hadithi zako, baba akaninong'oneza akiuliza huyu kijana mwenye maneno mengi ni mtoto wa nani. Sikutaka usikie. Mara ya pili alikuuliza wewe mwenyewe kama umeleta saa. Ukacheka ukidhani ni utani, nikavuta waya kabla hujamaliza kucheka. Baba hakukumbuki, Chiriku. Ni miezi minane sasa. Mimi ananiita kwa jina la mama, nami naitika. Nilijiambia nikufiche mpaka umalize masomo, nikakuacha uilaumu mashine, hadi ukatuma dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Nisamehe. Nilisema nakulinda wewe, kumbe pia nilikuwa najilinda mimi, nisikuone ukilia na mimi siwezi kukushika.

Ndani ya bahasha utakuta kadi yenye uzi. Tulipomaliza kazi baba aliikata, akaitoboa, akaifunga kwenye kompyuta, kama alivyozifanyia saa za wateja maisha yake yote. Aliniuliza mashine ni ya nani. Nikamwambia ni ya kijana mmoja aliye mbali. Akafikiri, akaandika: "Imepona. Mwenyewe aje, fundi yupo." Tangu siku hiyo, kila akimaliza chai huniuliza kama mwenyewe ameshafika, nami namjibu bado. Nilipomwambia nakutumia kadi yako, alifurahi, akasema ni vizuri mtu ajulishwe.

Likizo yako ya kwanza, njoo. Hata kama ni kuja kama mteja, njoo angali anakusubiri.

Wasalimie wote wanaokujulia hali huko, na ule ushibe. Jumapili saa nne asubuhi nitakupigia. Akikuuliza wewe ni nani, mwambie wewe ndiye mwenye mashine. Mimi miguu yangu nitaikunja juu ya kiti.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mama Haraka